Chupa Isiyotikiswa

Mwaka wa tisini na nane, maabara ya mifugo mjini Meru ilipata mashine iliyojua kila kitu isipokuwa kutikisa chupa. Hiyo ilikuwa kazi ya Makandi. Ndani ya chupa mlikuwa na vichembe vyeusi vya sumaku, laini kuliko unga wa wimbi. Ukivitia kwenye damu ya ng'ombe vinanasa vinasaba, hata vya vijidudu vya ugonjwa. Sumaku inavivuta kando, uchafu unaoshwa, kinachobaki ndicho kinachopimwa. Lakini usipotikisa, vinalala chini, na sampuli inayomiminiwa kwanza inapata maji matupu.

Siku hiyo wageni walikuwa njiani kuja kuiona mashine, na mkubwa wa Makandi alikuwa anamharakisha. Makandi akamimina tu bila kutikisa. Kufika sampuli za mwisho, akaona tope jeusi limejaa chini ya chupa. Moyo ukamwambia, rudia. Mdomo ukasema, aa, itakuwa sawa. Itakuwa sawa! Neno hilo limeponza wengi.

Sampuli ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe aliyenunuliwa karibuni na Mzee Mwirigi wa Githongo. Majibu yakasema hana ugonjwa wa kutupa mimba. Mzee akamchanganya na wenzake, na kabla mvua haijaisha, ng'ombe wake wakaanza kutupa mimba, mmoja baada ya mwingine.

Makandi akatumwa huko kuchukua damu upya.

"Karibu, daktari," mzee akamwambia. "Lakini shida tumeshaijua. Ni huyu mchungaji wangu, Njiru. Anawachapa fimbo za tumbo. Kesho anarudi kwao Mbeere."

"Pengine ni yule mpya, mzee." Makandi akajibu.

"Yule? Si mashine yenu ilisema ni safi? Mashine haina undugu na mtu."

Njiru alikuwa amesimama kando ya boma, kofia mkononi. "Mwanzoni nilikataa, daktari," akasema polepole. "Lakini nimefikiria sana. Kama ng'ombe ni safi, basi ni mkono wangu. Nimeshamwomba mzee msamaha."

Lo! Makandi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu wa watu anatubu dhambi ya Makandi!

Angeline, mke wa mzee, akaleta kibuyu cha uji. Akakitikisa, akakitikisa tena, ndipo akammiminia mgeni. Makandi alikitazama kikombe, asiweze kukinyanyua.

"Mzee, Njiru hana kosa," akasema. "Ni mimi. Sikutikisa chupa ya dawa, na damu ya ng'ombe wako haikupimwa chochote. Niliona, nikanyamaza."

Mwirigi alimkodolea macho. Ni Njiru aliyesogea.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Njiru."

Njiru akachuchumaa palepale kando ya boma, akajifunika uso kwa kofia, akalia, mtu mzima na ndevu zake.