Msuko wa Sura ya Mwisho

Natangaza rasmi, kwa niaba yangu mwenyewe na bila kutumwa na mtu, kwamba usiku wa jana niliota ndoto yenye manufaa makubwa kwa fasihi ya dunia nzima. Naomba wasomaji wasimame.

Ilianza nikiwa chini ya kitanda, natafuta kandambili yangu ya kushoto. Mnaweza kukaa.

Kwanza nieleze nililala katika hali gani. Naitwa Ambwene, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo siitaji jina kwa sababu za kiusalama, yaani usalama wangu. Leo, baada ya ukaguzi wa usafi, nilitakiwa kusimama mbele ya Chama cha Wasomaji nieleze nilivyoziona riwaya mpya za sayansi na za miujiza tulizokuwa tukipokezana muhula huu. Hotuba ilikuwa tayari. Ilikuwa na maneno kama "kwa jicho pevu". Ilimalizika kwa riwaya ambayo kila mtu aliisubiri, *Kijiji Kilichopaa*, kwa sababu nakala yake shuleni ni moja, ni yangu, na sijawahi kumwazima mtu.

Nilikuwa nimeshawadokezea wenzangu kwamba mwishoni chombo cha angani kinalipuka na wote wanakufa. Restituta, mwenyekiti wa chama, alilia. Nilijisikia mtu muhimu.

Basi, niko chini ya kitanda. Ni mchana. Kandambili haipo. Kwenye ufa wa sakafu anatokeza mwanamume mwembamba. Sisemi mwembamba wa njaa. Kwa mbele ni mtu mzima mwenye koti na ndevu. Akigeuka upande, hayupo.

"Shikamoo," nikasema, nikiuelekeza upande wenye uso.

"Marahaba. Mimi ni mhusika bapa."

Madamu Kihwele, anayetufundisha Kiswahili, ametukaririsha kwamba mhusika bapa habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, na mhusika duara hubadilika. Hakutuambia kwamba wa kwanza anaweza kupita chini ya mlango.

"Mbona umekasirika?" nikamuuliza.

"Nilikasirika ukurasa wa kwanza. Sina namna. Unaitwa bwaloni. Wamesikia unawalipua kesho."

"Akina nani?"

"Kijiji kizima. Pamoja na ng'ombe."

Akajikunja kama mkeka ili iwe rahisi kumbeba. Nikamtia kwapani, nikafungua mlango wa bweni na kutokea bwaloni moja kwa moja, ingawa kati yake na bweni kuna uwanja wa netiboli na banda la kuni.

Bwalo limejaa. Wahusika wa riwaya zote tulizosoma muhula huu wanakula makande. Wahusika duara wanabingirika kutoka meza hadi meza wakiombana radhi. Taharuki inaning'inia darini na hakuna anayeijali. Karibu na mlango amesimama msichana aliyenyanyua mguu mmoja, mdomo wazi, hatikisiki.

"Usimguse huyo," akasema bapa kutoka kwapani. "Kitabu cha pili hakijatoka."

Nilitaka kusema kwamba nimeligusia hilo kwenye hotuba. Riwaya za siku hizi zote ni kitabu cha kwanza. Unasoma kurasa nyingi kuliko Agano la Kale, halafu mtu ananyanyua mguu na wewe unaambiwa usubiri. Lakini njia ilikuwa imezibwa na joka.

Lilikuwa limekaa kwenye meza ya kidato cha kwanza, kwa kuwa ni jipya, na lilikuwa linapuliza uji upoe. Haukupoa.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba majoka ya siku hizi ni laini?"

"Nimeandika kwamba yana utu."

"Soma."

Hotuba ilikuwa mkononi mwangu, sijui ilifikaje. Nikasoma: "Zamani, yaani nilipokuwa darasa la saba, joka lilikuwa joka. Linatoka pangoni, linakula nusu ya kijiji, linachomwa mkuki, sisi tunakwenda kulala. Siku hizi joka lina mama mgonjwa. Daktari amelikataza kutema moto. Unafika katikati ya kitabu, halijala hata kuku, linajiuliza kama lilipendwa."

Joka likaweka bakuli chini.

"Ni kweli," likasema. "Kila nikifungua mdomo nimmeze mtu, natupwa utotoni sura nzima. Nikirudi, mtu keshaondoka."

"Pole."

"Lakini ulilia. Pale mama yangu anaponichomea mahindi kwa pumzi yake."

"Kulikuwa na moshi."

"Moshi wa kitabuni?"

"Ndiyo," nikasema, na nikapita.

Mbele, pale tunapogawiwa chakula, wahusika wajenzi walikuwa kazini. Darasani tunasema kwamba wahusika wajenzi humjenga mhusika mkuu. Walikuwa na karai, mwiko na saruji. Mhusika mkuu mwenyewe alikuwa Rubani Sikitu wa *Kijiji Kilichopaa*, ameegemea ukuta, amekamilika kuanzia utosini mpaka kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Hapo aliishia. Unyayo haukuwepo.

Kwa faida ya ambao sikuwaazima: Sikitu ndiye anayekiinua kijiji kizima angani na kumwacha mdogo wake kando ya mto, kwa sababu mtoto alikwenda kuchota maji na chombo hakikuweza kungoja. Anamwahidi atarudi. Sura ya kabla ya mwisho inaishia chombo kikielea juu ya mto uleule, mlango unafunguka. Nakiri pia kwamba humo chomboni kuna zamu ya kufagia. Katika riwaya nilizosoma zamani watu walizunguka nyota miaka na miaka, na hakuna aliyeshika ufagio.

"Mbona hamjammalizia?" nikawauliza mafundi.

"Huo ni mguu wa kushukia," akajibu mmoja, akifuta mwiko. "Uko sura ya mwisho. Nakala hii msomaji wake ni wewe. Wewe hujafika huko, sisi tutajenga nini?"

Bwalo zima likaacha vijiko.

"Nimefika," nikasema. "Chombo kinalipuka."

"Mimi nikiwa wapi?" Rubani akauliza.

"Ndani."

"Na mdogo wangu?"

"Kando ya mto." Nikafikiri kidogo. "Naye anakufa. Anaangukiwa na vipande."

"Ambwene. Umesoma?"

"Kesho watapiga makofi sana."

"Sijakuuliza hilo."

Mhusika bapa akajikunjua kwapani ili anitazame vizuri. Alikuwa bado amekasirika, lakini safari hii nilihisi ananikasirikia mimi.

"Hapa shuleni hakuna mwingine anayetujua," akasema Rubani. "Ukisimama kesho ukawaambia tumekufa, basi tumekufa. Nami sitashuka."

Fundi mwingine akainua kitu kutoka kwenye karai. Kilikuwa kandambili yangu ya kushoto.

"Tumeiweka tayari," akasema. "Mtoni kuna matope."

Hapo ukuta wa bwalo ukafunguka na lori la kubebea majani ya chai likaingia kinyumenyume. Dereva amegeuza shingo, anatazama alikotoka. Kwenye bampa limeandikwa MBINU REJESHI.

"Panda wewe," joka likaniambia, likinipisha. "Mimi nilishakwenda asubuhi."

Linakwenda kinyumenyume. Napita kidato cha pili kwa mgongo. Napita kidato cha kwanza, namwona Matroni Mwasote ananinyoa, ila mkasi unarudisha nywele badala ya kuzikata. Zinarefuka. Zinafika masikioni, zinafika shingoni. Lori linasimama, na mvua ya Tukuyu inapiga bati la nyumbani.

Dada Sekela amekaa barazani kwenye kigoda, chanuo limechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe.

"Umechelewa," akasema bila kuinua macho. "Kaa."

"Mvua, dada."

"Mvua gani ya tangu umalize la saba? Kaa hapa."

Nikakaa sakafuni katikati ya magoti yake. Mahali pale napajua. Miezi ile ya kungojea kidato cha kwanza tulikaa hivyo karibu kila wiki, yeye anasuka, mimi nasoma kwa sauti. Tulikuwa na sheria: hakuna kusoma bila kusuka, na nywele na sura vimalizike pamoja. Penye mapambano alivuta sana, nikalia, akadhani nalia kwa ajili ya hadithi. *Kijiji Kilichopaa* alikinunua yeye, Mbeya, kikiwa bado kinanuka duka. Tulibakiza sura moja. Siku hiyo gari la Mpanda likaja kumchukua kwenda kwa mumewe, mapema kuliko tulivyoambiwa. Akaniacha nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Nikamfungia mlango wa gari nikicheka, kwa sababu mimi ni mcheshi. Nusu ile nilikataa kufumuliwa mpaka Jumapili. Kanisani watu walinisalimia upande mmoja tu.

Sasa mikono yake iko kichwani mwangu tena. Madamu Kihwele hutuambia kila riwaya ina msuko wa matukio, nami nilikuwa naandika tu daftarini. Leo naona. Dada anachomoa mistari ya maandishi kutoka kitabuni kama nyuzi, anaigawa mitatu mitatu, anaisuka pamoja na nywele zangu.

"Nasikia umeimaliza peke yako," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Watu wa kijijini. Wamenipigia kutoka huko juu, mtandao ukawa unakatikakatika."

"Nimeimalizia kidogo tu."

"Umeimalizaje?"

Nikamweleza mlipuko. Nilimweleza vizuri, pamoja na sauti. Dada alicheka mpaka chanuo likaanguka.

"Ambwe! Hiyo si ni twende kilioni hiyo!"

Twende kilioni, kwa asiyejua, ni msuko wa dharura: mistari minene michache, yote inarudi nyuma, husukwa mtu aliyepata habari ya msiba asubuhi na gari linaondoka mchana. Hauna urembo wala hauhitaji. Unafanana vilevile kwa kila kichwa.

"Watoto wa watu wanarudi kwao," akaendelea, "wewe umewasuka twende kilioni. Ulikuwa na haraka ya nini?"

Nina akiba kubwa ya majibu ya kuchekesha. Shuleni nategemewa. Hapo nikayaacha yote.

"Kila mtu ananiuliza mwisho wake," nikasema. "Na wewe huji."

Mikono ikasimama. Kisha ikaendelea, polepole, kama anayetafuta mahali alipoangusha sindano.

"Hukuisoma kweli? Muda wote huu unayo sandukuni?"

"Tulikubaliana."

"Mjinga wewe," akasema, kwa ile sauti yake ya kuniita mjinga ambayo sijaisikia tangu aondoke. "Haya, soma."

Nikafungua sura ya mwisho. Herufi zote zilikuwa zimenipa mgongo.

"Mko wawili?" sura ikauliza.

"Wawili," nikasema.

"Mko macho?"

"Hapana. Mmoja anaota."

"Haihesabiki," ikasema sura, na ikajifunga.

Dada hakubishana nayo. Akashika vinywele vichache vya kisogoni, chini kabisa.

"Basi nakuwekea alama," akasema. "Tusije tukasahau tulipoishia."

Akavuta, kama kawaida yake, mpaka machozi yakanitoka. Kengele ikalia.

Hapa ndoto imekwisha. Yaliyofuata yalitokea mbele ya mashahidi.

Tulipanga mstari mbele ya bweni kwa ukaguzi. Hapa tunanyolewa mpaka nywele hazishikiki hata kwa kibano. Matroni Mwasote alipita akipapasa vichwa kimoja kimoja. Kwangu mkono ukaganda.

"Hii ni nini?"

"Nini, Matroni?"

"Usinijibu kwa swali. Umesuka."

Restituta, aliyekuwa nyuma yangu, akainama kuchungulia. "Kweli, Matroni! Kamoja. Kadogo kama punje ya mchele."

Nikapeleka kidole kisogoni. Kalikuwepo. Kamekazwa mpaka ngozi inauma.

"Nani kakusuka?"

Katika shule hii nimeponyoka kesi ya mbuzi ofisini kwa walimu na kesi ya chumvi kwenye sukari ya wageni. Uongo ninao, tena wa kuchagua.

"Dada yangu," nikasema.

"Dada yako yuko wapi?"

"Mpanda."

"Kakusuka lini?"

"Usiku."

Matroni akatoa mkasi mfukoni.

"Usikate, Matroni, nakuomba. Ni alama. Tumeishia hapo." Halafu, bila kuombwa na mtu, yakamwagika yote: "Na sura ya mwisho sijaisoma. Chombo hakilipuki. Yaani sijui. Niliwaua mimi, kwa sababu mlinisumbua na dada haji."

"Sijakuuliza hilo," akasema Matroni.

"Mimi nauliza!" Restituta akanishika bega. "Wewe Ambwene! Nililia mpaka nikaugua kichwa! Sasa yule rubani yuko hai au hayuko hai?"

"Mpaka jana alikuwa hai."

"Na wewe leo utasema nini chamani?"

"Hicho hicho. Kwamba sijui, na kwamba nangoja likizo."

Matroni akakisogelea kisogo changu. Akakagusa kale kamsuko kwa ncha ya kidole, akajaribu kukafumua kwa ukucha, kakagoma. Akarudisha mkasi mfukoni.

"Mpaka siku ya kufunga shule," akasema. "Ukirudi nako, nakata pamoja na sikio."

"Asante, Matroni."

Alikuwa ameshaanza kuondoka alipotazama chini. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, wa pili nimeukunja nyuma kama kuku wakati wa baridi.

"Na kandambili ya kushoto iko wapi?"

Chini ya kitanda nilikuwa nimeshafagia. Haikuwepo.

"Nimemwazima mtu, Matroni," nikasema. "Anataka kushuka."