Kitonge katika Koo la Mama Pascasie

"Mama Pascasie, bwana yako ulimulilia siku gani?"

Swali hilo aliliuliza Mama Alima, jirani, huku akitoa vichwa vya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye sahani, na Pascasie hakujua limetokea wapi. Asubuhi hiyo hawakuwa wakizungumza habari za marehemu. Walikuwa wakimngoja muzee Habarurema, mganga wa kienyeji, amalize kupitisha chuma chake juu ya makaa, amkate kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo.

Kwa maana Pascasie alikuwa na kitonge. Kilikaa pale shingoni kama kipande cha muhogo kilichokataa kupanda wala kushuka. Tena hakikuja wakati wa mabaya. Munyakazi, bwana yake, alipouawa kwenye njia ya Kiwanja, wakati wa uasi, koo lilikuwa wazi, aliimba na kwaya hadi makaburini, na akina mama wa kanisa wakasema, "Huyu ndiye mama wa imani." Volkano ilipotema moto na kuimeza nyumba yao, alikimbia na watoto, godoro kichwani, koo bado wazi. Kitonge kilikuja baadaye, Mama Alima alipompa chumba hapa mtaa wa Mapendo, watoto wakalala chini ya bati wameshiba. Mpaka leo, akipiga magoti, anashukuru kwanza kwa chumba kile, kabla ya kuomba lolote.

Nesi Eugénie wa kituo cha afya alimmulika kwa tochi. "Mama, humu ni safi," alimwambia. "Hofu na huzuni vinaweza kukaza koo, ukasikia kitu ambacho hakiko. Usikubali mutu akukate." Pascasie alimshukuru kwa adabu, na hakuamini. Huzuni gani, na yeye yote amemwachia Mungu? Akatuma mutu mtaa wa Lac Vert, kumwita Habarurema.

"Sikuuliza kwa ubaya," Mama Alima akaendelea. "Niko nakutazama tangu ulikuja. Bugali inashuka muzuri, na unaongezaka ingine. Ni mate ndiyo inakwama. Sasa kama ni nyama imeota, inachagua?"

"Labda nayo inapenda bugali."

Alima akacheka kidogo, lakini hakuachia. "Na gari ya maharagwe ikipita, ile ya kutoka Kiwanja, unashika shingo. Kila mara."

Pascasie akajitazama. Mkono ulikuwa tayari shingoni.

"Unisamehe, mama. Mimi ni muislamu, kitabu yenu sijui. Lakini si munasemaka Yesu alilia kwa kaburi ya rafiki yake? Na alijua kabisa atamufufua. Sasa wewe ni nani wa kumupita?"

Muzee Habarurema akageuza chuma. "Kiko tayari. Fungua kinywa."

Pascasie alifungua. Kikatoka kilio, kama cha mutu aliyepewa habari ya msiba asubuhi ile ile. Akamwita Munyakazi kwa jina, akamuuliza kwa nini alipanda gari siku ile, hali yeye mwenyewe alikuwa amemwambia angoje. Alima akasukuma sahani, akamvuta kifuani kwake kwa mikono yake ya samaki, naye akaanza kulilia wa kwake, maana hata yeye alizika.

"Lia, mama. Tumechelewa tu."

Siku nyingine kitonge kingerudi, hasa risasi zikisikika upande wa Sake, na Pascasie angejifunza kuketi na jirani yake na kulia bila haya. Lakini asubuhi ile alimeza mate, yakapita. Akameza tena, kama mutu anayejaribu mlango.

"Aksanti, Mungu," akasema polepole. "Aksanti, Mama Alima."

Habarurema aliwatazama wote wawili. Akamwaga maji juu ya makaa na chuma mpaka vikapoa, akakifunga chuma ndani ya kitambaa, akakitia mfukoni, akatoka.