Chui wa Mtoni

Asubuhi hiyo dereva waliyemwita Darubini alidanganya, tena kwenye redio inayosikilizwa na madereva wote wa mbugani.

"Chui, mtoni, kwenye mti ulioegemea maji," alisema kwa sauti ya mtu asiye na haraka.

Hakukuwa na chui wala nini. Alichotaka ni kumtoa shemeji yake mgongoni. Kijana huyo alikuwa mdogo wa mke wake, na mke ndiye aliyemkabidhi mikononi mwake amfundishe kazi ya kutembeza watalii. Alimfundisha nyayo, upepo na kuzima injini mapema. Fadhila zake ndizo hizi: shemeji hakutafuta tena mnyama. Alingoja Darubini aone, kisha aje mbio kuchomeka gari mbele, wageni wake wapige picha kwanza. Darubini alichoka kumtafunia mtu mzima.

Magari yote yakageuza kwenda mtoni, mwendo wa saa nzima. Yeye akabaki peke yake na wageni wake, mbele ya simba jike watatu waliokuwa wakinyatia.

Kilichofuata ni uchinjaji mtupu. Walimvamia nyati dume, mzee, asiye na kundi. Mmoja alimrukia mgongoni, wa pili akamng'ata pua akaning'inia, wa tatu akamrarua paja mpaka nyama ikalegea kama tambara. Nyati hakuanguka. Alizunguka, akainamisha kichwa, pembe ikamwingia yule wa puani na kumfungua tumbo. Simba akawa anajikokota huku matumbo yakimfuata vumbini. Mgeni mmoja alitapikia dirishani. Nyati akawakung'uta waliobaki, akatimka bila sikio moja, akapotelea nyuma ya kilima. Huko kulikuwa na kiwanja cha kupumzikia, mahali pekee wageni wanaporuhusiwa kushuka.

Darubini, tusimfichie aibu yake, alifurahi. Hakuna gari jingine lililoona vile. Ndipo redio ikakoroma.

"Shemeji, huko mtoni sikufika. Wageni wameshikwa na njaa, nimegeuza njiani. Niko kiwanjani, nazunguka kidogo nyuma ya vyoo kisha niwashushe."

Ndivyo kazi inavyotaka: dereva akague kwanza kwa miguu, ndipo mgeni akanyage chini. Na hilo pia alimfundisha yeye. Darubini akanyakua kipaza sauti cha redio.

"Usishuke. Kuna nyati kajeruhiwa hapo hapo, nimemwona anakuja."

Shemeji alicheka. "Na chui je, bado yuko mtini? Wenzangu wamefika, wanasema hakuna kitu. Leo umetutosha, shem."

Darubini aliwasha gari, akapanda kilima bila kujali mashimo wala wageni waliogongana vichwa. Alipofika upande wa pili, nyati alikuwa tayari amemrusha shemeji juu. Akamngoja aanguke, akamgandamiza kwenye ukuta wa vyoo kwa paji la uso, akamrusha tena. Darubini akamgonga ubavuni na gari zima. Nyati akapepesuka, akaingia kichakani.

Shemeji alilala chali, kinena kimefunguka, damu ikitoka kwa mapigo. Darubini akaruka chini, akavua shati, akalishindilia kwenye jeraha, akavuta kipaza sauti cha redio kwa waya wake kupitia mlango wa gari.

"Jamani, njooni kiwanjani na machela. Kama kuna mgeni aliye daktari, gari lake litangulie. Mtu anakufa."

"Baba wee," dereva mmoja akajibu, "tumemtafuta chui wako mpaka macho yametutoka. Hatuji tena kokote."

"Nawaomba. Nilisema uongo. Huyu ni shemeji yangu, anakufa."

Redioni walikuwa wanacheka. Shemeji akanyoosha mkono unaoteleza damu, akakishika kile kipaza sauti, akakisogeza mdomoni.

"Njooni," alisema kwa shida. "Safari hii anasema kweli."

Kicheko kilikatika. Zikasikika injini zikiwashwa, moja baada ya nyingine, mbali sana. Darubini alikaza mikono yote miwili juu ya shati, na damu bado ikapita katikati ya vidole. Kutoka mtoni hadi pale ni mwendo wa saa nzima. Huko mtoni alipachagua mwenyewe, kwa sababu ni mbali.