Mwimbaji wa Kabatini

Bendi yetu ina watu watatu na kabati moja. Kabati ndilo zito kuliko wote, mgongo wangu ni shahidi.

Mama wa mwimbaji wetu ndiye aliyetupa sebule yake tufanyie mazoezi. Alipofariki, binti yake alinyamaza miezi minne. Siku moja akaingia katika kabati la marehemu, akajifungia na magauni, akaanza kuimba. Nilikuwa sebuleni na gitaa. Nikaipokea sauti yake kwa nyuzi. Tangu hapo haimbi mahali pengine popote. Nami nikampenda hivyo hivyo, ingawa mpiga ngoma alisema kupenda fanicha ni maradhi.

Tukaanza kualikwa. Watu walilizoea kabati, wengine wakaja kulisalimia kwa kulishika kitasa. Shangazi yake alisema tumemvua marehemu nguo mbele za watu, kisha yeye mwenyewe akalipaka kabati vanishi.

Ndipo ikaja harusi. Mpiga ngoma wetu ni fundi seremala, mtu anayepima hata mkate kabla ya kuukata, lakini mlango wa ukumbi hakuupima. Kabati likakwama mlangoni, mwimbaji ndani yake, bibi harusi ukumbini, bwana harusi nje. Fundi akasema penye nia pana njia. Njia tulikuwa nayo, ila ilikuwa nyembamba.

Hapo nikaogopa kweli. Nilijua akinyamaza safari hii, hatarudi.

"Anza tu kuimba," nilimwambia kupitia tundu la ufunguo. "Mengine tuachie sisi."

Akaanza, nami nikapiga. Fundi akatoa bisibisi, akang'oa mlango wa kabati wa kushoto, wa kulia, paa, ubavu mmoja na wa pili, kila skrubu kwa mdundo wake. Bwana harusi akazipokea mbao na kuwagawia wageni wazishike. Mwimbaji alikuwa amefumba macho, amekumbatia gauni la mama yake. Mwishowe akabaki kizingitini, kabati halipo.

Akafumbua macho. Sauti ikayumba, haikukatika. Alimaliza ubeti, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza nikiwa napiga.

"Kumbe huwa unalia," alisema.

Nikamwambia ni jasho la kubeba kabati. Akanifuta jasho hilo kwa pindo la gauni la mama yake, mbele ya watu wote, kisha akaingia ukumbini kwa miguu yake akiimba. Mimi nilisahau nyuzi zote sita.