Kibaba cha Tele

Nta ilipoyeyuka, Ngala aliimimina ndani ya kibaba cha mbao alichopimia nafaka ya kuuza, akakizungusha mkononi ili itulie sawasawa chini. Kisha akaipaka majivu na vumbi la mahindi, mpaka hata yeye, aliyeishi na mbao ile miaka mingi, asiweze kuitambua. Kina kilikuwa kimepungua kwa unene wa kidole. Kidole tu, alijiambia. Nani alipata kufa kwa ajili ya kidole?

Hoja alikuwa nazo. Mwaka ule wa vita, kila aliyekuwa juu alimpunja aliyekuwa chini yake. Magunia yalishushwa kwenye reli pale Changamwe yakiwa yameshonwa upya, na mdomo wa gunia lililoshonwa upya hausemi limepoteza nini. Karani wa godauni alipima kwa kuegemeza mguu kwenye mizani, huku akimtazama mtu usoni kama anayemwambia: haya, sema. Bei nayo ilibandikwa ukutani, imepangwa na wakubwa ambao hawajapata kusonga sima maishani mwao. Na kabla ya hayo yote, mkewe Kahaso alikuwa ameshikwa na homa, wakamfikisha zahanati, wakaambiwa dawa ni za askari. Alimzika Mikindani wakati mvua za vuli zikianza. Tangu siku hiyo Ngala aliamini kwamba dunia ina deni kwake, na kwamba anayo haki ya kujilipa mwenyewe, kidogo kidogo, bila kumpigia mtu kelele.

Watu wa upande ule walikuwa na desturi yao. Nafaka haikupimwa kwa mfuto, yaani kwa kufuta juu na kiganja hadi mdomo wa kibaba uwe sawa. Ilipimwa kwa tele: mchuuzi hujaza, hurundika mpaka kilima kisimame, na punje zinazoporomoka kando ni za mnunuzi. Kahaso, alipokuwa hai, baada ya tele aliongeza gao moja, yaani ujazo wa kiganja, akasema, "Hili la njiani." Ngala aliliacha gao, lakini tele hakuigusa. Alirundika vizuri sana, hata kuliko zamani. Tele iko juu, kila jicho linaiona. Wizi wake ulikuwa chini.

Wateja walinung'unika, kama wanavyonung'unika watu wenye njaa, bila kujua wamnung'unikie nani. Wengine waliwalaumu fukusi walao nafaka, wengine wakailaumu serikali, na Ngala aliilaumu pamoja nao, tena kwa moyo mkunjufu, kwa sababu serikali ilistahili. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda mpaka asubuhi ile Mama Ruwa alipofika kibandani akijikongoja kwa fimbo.

Jina lake hasa lilikuwa Nyamvula. Goti lake lilikuwa limevimba tangu masika, na kwa kawaida alimtuma mkaza mwanawe, Kafedha, binti wa Rabai aliyeolewa na Ruwa muda mfupi kabla Ruwa hajachukuliwa kwenda vitani Bama, ng'ambo ya bahari.

"Hodi hapa, Mzee Ngala."

"Karibu, Mama Ruwa. Leo umekuja kwa miguu yako?"

"Nimekuja na shida yangu. Miguu nimeikodi." Aliketi juu ya gunia tupu, akapumua. "Niambie kweli, ndugu yangu. Huyu mtoto akija hapa, unampimia tele?"

Ngala alihisi ulimi umekuwa mzito, lakini neno lilitoka jepesi. "Tele. Mpaka zinamwagika. Muulize yeyote."

"Pishi nzima?"

"Vibaba vinne, pishi nzima. Mama Ruwa, mimi ni mtu wa kanisa."

"Basi ni yeye." Alisema bila hasira, kama mtu aliyeipata sindano aliyokuwa akiitafuta kwa muda mrefu. "Zamani pishi ilitulisha siku mbili na kuku wakapata makombo. Sasa siku ya pili nakwangua chungu. Anawauzia makuli wa reli huko njiani."

"Labda ni fukusi, mama."

"Fukusi gani anayejifunga leso mpya kichwani?"

Ngala alicheka, kwa kuwa ilikuwa zamu yake kucheka. Angeweza kusema neno wakati ule, na lingekuwa neno dogo. Badala yake alimjazia kibaba, akarundika, akamsindikiza mpaka njiani kwa adabu zote.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Gershom, ambaye kwa majuma kadhaa alikuwa akiwafundisha waumini kanisani maisha ya Waisraeli wa kale, alifika kwenye habari za soko lao. Kabla ya hapo alikuwa amewaeleza jinsi mwenye shamba alivyotakiwa kuacha pembe za shamba bila kuvuna, ili mjane na mgeni waokote. Sasa aliwaeleza juu ya efa waliyopimia nafaka, na shekeli za fedha zilizopimwa kwa mawe.

"Mchuuzi mwovu," alisema Gershom, "alitembea na mawe mawili mfukoni. Moja zito la kununulia, moja jepesi la kuuzia. Sikukuu ikifika alikaa kama mtu anayesubiri mvua ipite, afungue tena ghala lake."

"Mwalimu," aliitikia Nguma, mchukuzi wa reli aliyependa kuchokoza, "huyo mbona namjua! Ni karani wa godauni!"

Kanisa zima liliangua kicheko. Ngala alicheka kuliko wote.

"Tumuulize mwenye kazi," Gershom aliendelea, bado akitabasamu. "Mzee Ngala, wewe mtu wa vipimo. Hao Waisraeli wangewezaje kuipunguza efa, na watu wanaitazama?"

Nyuso ziligeuka. Zilikuwa nyuso za kirafiki, na hilo ndilo lililomwia gumu.

"Sijui, Mwalimu. Labda kwa mkono mwepesi."

"Mkono mwepesi! Basi wewe ungalizaliwa Israeli ungalikufa maskini," alisema Nguma, na watu wakacheka tena, wakimsifu.

Ngala alipoinamisha macho kuwakwepa, alimwona Kafedha. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi la wanawake, kichwa wazi, leso hana. Kati yake na mwanamke aliyemfuata palikuwa na nafasi ya kutosha watu wawili, na nyuma yao kina mama walikuwa wamesimama.

Kesho yake, kabla ya kufungua kibanda, Ngala aliikwangua nta kwa kisu, akaitupa motoni, akakiosha kibaba kwa maji ya moto. Hakuna aliyeona. Kafedha alipokuja, alisalimu kwa sauti ndogo, "Shikamoo, baba," naye akampimia pishi ya kweli, akaongeza na gao la njiani, la kwanza tangu Kahaso azikwe. Msichana alilitazama gao lile, akamtazama na yeye, akashukuru. Siku hiyo Ngala alikula akashiba. Alijiona kama mtu aliyerudisha jembe la jirani usiku, akaliegemeza ukutani, na asubuhi jirani akadhani halikuwahi kuondoka. Dhambi iliyoondolewa bila mtu kuumia, aliwaza, si imekwisha?

Mama Ruwa alirudi juma hilohilo. Safari hii alitabasamu tangu mbali.

"Nimemshika," alisema. "Nilimnyang'anya leso, nikawadokezea kina mama wa kanisa, nikamwambia nitamtangaza na sokoni. Unajua nini? Tangu hapo unga unatosha! Siku mbili, na kuku wanakula. Sasa nani atanibishia? Aliogopa, akaacha."

Ngala alikishika kibaba kwa mikono miwili.

"Kama ameacha, mama, si umsamehe?"

"Nimsamehe mwizi anilindie nyumba ya mwanangu, na mwanangu yuko kwenye risasi? Nimempelekea habari baba yake. Jumamosi anakuja kumchukua."

Alipokwenda zake, Ngala aliketi. Alijaribu kuwakasirikia wakubwa kama alivyozoea: karani, bwana shauri wa serikali, waliompeleka Ruwa Bama, walioficha dawa. Wote walikuwa na hatia zao, na hakuwaondolea hata chembe. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anamjua Kafedha. Yeye alimjua. Alipokuwa anampunja, aliifanya nyumba ile ilale njaa. Alipoacha kumpunja, alimfanya msichana kuwa mwizi, na ushahidi wenyewe ulikuwa ule wema wake wa siri.

Jumamosi alipofika uani kwa Mama Ruwa, mkwe alikwisha kuwasili. Kazungu, baba yake Kafedha, alikuwa mkulima mrefu mwenye vumbi la Rabai miguuni, na aliketi kwenye ukingo wa mkeka kama mtu asiyetaka kukalia cha watu. Mzigo wa binti ulikuwa mlangoni, umefungwa tayari. Kafedha mwenyewe alikuwa jikoni penye mafiga, nje, akibandika maji ya sima ya baba yake.

"Afadhali umekuja," alisema Mama Ruwa. "Mkwe hanisadiki. Mwambie mwenyewe kama alipimiwa tele au hakupimiwa."

"Binti yangu hajapata kuiba," alisema Kazungu. "Lakini nikiletewa shahidi, nitafanyaje? Sema, mzee."

Ngala alikohoa. "Mnajua mahindi haya ya serikali yalivyo. Yamekaa godauni, yameliwa ndani, unga wake..."

"Nilisema mimi!" Kazungu aliinua kichwa.

"Hata sasa ni ya serikali," Mama Ruwa alimkata. "Ni yaleyale, godauni lilelile. Mbona sasa yanatosha?"

Ngala alifungua mdomo kutafuta mkubwa mwingine wa kumtwika, akakosa. Jikoni mwiko ulikuwa umeanza kugonga chungu, taratibu.

"Yanatosha kwa sababu nimeacha mimi," alisema. "Hakuacha yeye. Kibaba changu kilikuwa na nta chini. Niliitia mwenyewe. Jumatatu nikaitoa."

Mama Ruwa alimkodolea macho, kisha akacheka kicheko kikavu. "Unamwonea huruma. Una moyo wa Kahaso wewe. Uliniambia tele, kwa kinywa chako."

"Ilikuwa tele. Juu."

"Iko wapi hiyo nta?"

"Niliichoma."

"Ahaa! Umeichoma."

"Mama Ruwa, weka mkono wako hapa." Alijipiga kifuani, kisha mkono ukamwanguka. "Mtu atajisingizia hili kwa faida gani? Kesho nani atanunua kwangu? Nilikupunja wewe, nikampunja Nguma, nikawapunja wote. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa na mtu wa kumshika."

Hapo kicheko kilimkauka mama wa watu. Aliitazama fimbo yake, kisha mzigo ule mlangoni. Kazungu alianza kutikisa kichwa, kama anayehesabu jambo lisilohesabika.

Mwiko ulikuwa umenyamaza. Kafedha alisimama kando ya moshi, unga umemganda vidoleni. Hakulia, wala uso wake haukung'aa kwa kutakaswa, kama Ngala alivyokuwa amejipa moyo njiani.

"Baba," alimwambia Ngala, kwa heshima ileile ya kila siku, "nilikuwa nazihesabu punje njiani. Nilikuwa nafunga kikapu kwa kamba, nafunga fundo langu mwenyewe, ili nikifika nijue kama kimefunguliwa. Mama akipima akasema zimepungua, nikaanza kusema labda ni kweli. Labda naamka usiku, naiba, sijui." Alivitazama vidole vyake. "Nilikuwa nimeanza kusadiki kwamba mimi ni mwizi."

Alipangusa mikono kwenye kanga, akapita katikati yao, akauchukua mzigo mlangoni, akajitwika.

"Twende, baba," alimwambia Kazungu.

"Kafedha," alisema Mama Ruwa. "Mwanangu." Huenda ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, maana alilitamka neno hilo kwa kusita, kama anayejaribu kiatu. Alinyanyuka bila fimbo, akachechemea nyuma yao hadi kwenye kona ya njia iendayo Miritini. Pale walisimama. Ngala aliona mkono wa mama ukinyooshwa kuelekea kwenye mzigo, ukabaki hewani bila kuugusa. Kazungu aligeukia pembeni. Maneno hayakumfikia Ngala.

Uani hapakuwa na mtu ila yeye. Sima, iliyoachwa kabla haijaiva, ilianza kuungua, na harufu yake ikaenea, harufu ya chakula kinachoharibika mwaka wa njaa. Alisogea mpaka kwenye mafiga, akainama. Chungu kilikuwa kimejaa. Alinyoosha mikono kukiepua, kisha akaizuia juu ya moshi, asijue kama katika nyumba ile bado ana ruhusa ya kugusa kitu.