Pale Namba Zinaporudi Sifuri

Fundi wa kuhariri video alikuwa akipangusa kichwa cha deki kwa pamba iliyoloweshwa spiriti. Nyuma yake, mjane aliketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alisimama mlangoni kwa kuwa, alivyosema, viti vya mafundi huchafua suruali. Walikuwa wameleta mkanda wa kikao cha ukoo ambamo marehemu, kabla ya kufa, alitamka nani abaki na nyumba. Ukoo ulikubaliana kufuata kitakachoonekana kwenye video, si maneno ya mtu.

Picha za mkanda ziliingia vizuri katika kompyuta hadi marehemu aliposimama, akakohoa, akafungua kinywa. Hapo namba za muda chini ya picha zikarudi sifuri na kompyuta ikagoma. Picha iliporejea, wanafamilia walikuwa wakinywa chai.

Fundi alibadilisha waya, kisha deki. Aliuingiza mkanda kwa vipande viwili, kabla ya pale na baada ya pale. Hakuambulia kitu, ila kila namba ziliporudi sifuri, marehemu aliingia kwa mlango wa stoo, amevaa koti lile lile la kwenye video, akaketi kando ya mkewe.

"Umekonda," alimwambia.

"Nile na nani?"

Marehemu alimgeukia mdogo wake. "Nyumba ni ya mama watoto. Nilisema siku ile, nasema tena."

"Nimekusikia, kaka," shemeji alijibu kwa heshima. "Na siku ile nilikusikia. Lakini kwenye video maneno hayo hayamo."

Fundi akamwelekezea marehemu kamera. Kioo cha kamera kilionyesha benchi na mjane peke yake.

"Siku ya kikao kamera alishika nani?" aliuliza fundi.

"Mimi," shemeji alijibu. "Betri ilikwisha."

"Betri ikibadilishwa, namba huendelea zilipoishia. Hapa mtu alisogeza mkanda mbele, akaacha kipande kitupu, ndipo akarekodi. Kamera ikadhani imeanza upya."

"Wewe ni fundi wa video au wa kuhoji watu?"

Mjane aliitazama skrini, akamtazama mumewe, akairudia skrini. "Sasa, fundi, yale maneno yamekwenda wapi?"

"Sijui, mama. Kwa mashine, dakika zile hazikuwapo."

"Mimi nilikuwamo."

"Ndiyo, mama. Hapo ndipo na mimi ninapopotea."

Fundi aliunganisha vile vipande viwili, kwa kuwa hapakuwa na cha kuweka katikati. Ukoo ulitazama: marehemu akakohoa, akafungua kinywa, chai ikaletwa. Marehemu mwenyewe alitazama akiwa safu ya nyuma; waliomwona walimwamkia. Kwa kuwa video haikumtaja mjane, nyumba akapewa shemeji.

Siku ya kuhama, mjane alishika upande mmoja wa kabati na marehemu akashika wa pili. Shemeji aliwashikia mlango, akiwasihi waende polepole, wasije wakakwaruza rangi.