Kazi Waliyoianza Malaika

Madaktari wa upasuaji walikuja Kindu kwa ndege, kwa wiki moja tu, na hii ilikuwa siku yao ya mwisho. Tangu alfajiri Mwanvua alikuwa uwanjani pa hospitali, amekalia bidoni, dumu lake tupu la mawese, miguu imemvimba. Mwanawe Yassine alisimama mbali, karibu na ukuta, kana kwamba amemsindikiza mgonjwa wa jirani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa pikipiki, na alizaliwa na kasoro: njia ya mkojo haikufika mwisho, ilitokea chini, nusu ya safari. Njiani alikuwa amemwambia mama yake jambo moja tu.

"Wakinitengeneza, nitapeleka mahari Alunguli, ng'ambo ya mto. Wakishindwa, naenda Pangi ku machimbo, na usinitafute."

Husemwa mtoto akililia wembe, mpe. Huyu wa Mwanvua alipewa wembe bila kuulilia.

Jua lilikuwa utosini walipoitwa. Daktari Nathalie, msichana wa Lubumbashi mwenye macho ya kukosa usingizi, alimpima Yassine nyuma ya pazia, kisha akatoka peke yake akivua glavu.

"Mama, nani alimutahiri huyu?"

"Ngariba wa ukoo, Docta. Mwaka ule vita ilikuwa inaisha."

"Hakuna mutu alikwambia wasimuguse?"

"Aliniambia," alisema Mwanvua.

Aliyemwambia alikuwa Joséphine, mkunga aliyemzalisha wakati mji umefungwa, treni haiji, na chumvi inauzwa kwa kijiko. Joséphine alimgeuza mtoto mara moja tu akaona. "Mumuache na ngozi yake yote," alisema. "Siku vita itaisha, docta atachukua ngozi hiyo hiyo kumutengeneza." Mwanvua alilishika neno hilo kama hirizi. Mtoto alipoanza kutembea, alimfundisha kuchutama kila anapokwenda haja ndogo, na kwa kuwa katika nyumba ya Kiislamu ndivyo wanaume wote wafanyavyo, hakuna aliyeona ajabu. Majirani walimsifu mtoto kwa adabu yake.

Lakini kaka wa mume wake alitaka wavulana wote wa ukoo watahiriwe pamoja. Mwanvua alisema mkunga amekataza. Shemeji hakumtazama hata usoni.

"Yule mukunga njo yeye anaozesha vijana wa ukoo huu?"

Mume wake, Bakari, alikuwa pale pale. Aliinamia sahani yake.

Ngariba alipoinua kanga ya mtoto, uso ulimng'aa. Ngozi ilikuwa nusu tu, upande wa juu, upande wa chini hakuna kitu. Ukoo mzima ulijua maana yake: mtoto aliyetahiriwa na malaika tumboni. Akinamama wakapiga vigelegele. Shemeji mwenyewe, yule yule, alimkumbatia Bakari na machozi yakamtoka.

"Malaika walianza kazi," ngariba alisema akinoa wembe. "Sisi tunamaliza."

Wakamaliza. Wali ukapikwa.

Baraka ile haikudumu. Mtoto alipoanza kwenda mtoni na wenzake, wenzake waliona, na siri ya mtoto haikai. Tena Yassine hakupenda ngumi wala manati. Alipenda kukaa na dada yake Ramla, kutwanga pondu, majani ya muhogo, na kuimba kwa mdundo wa mchi. Shemeji akasema malaika gani hawa, huyu ni nusu mwanamke, tumbo la mama yake limelaaniwa. Bakari akaenda kuoa mke mwingine Kibombo na hakurudi. Mwanvua alibaki na watoto wawili na pipa la bluu la mawese, akauza mafuta kwa bakuli sokoni Kasuku mpaka mgongo ukapinda. Hilo alilibeba. Lililomchoma moyo ni kwamba baada ya maneno ya baba yake mkubwa, mtoto hakuimba tena.

Daktari Nathalie alivuta kiti.

"Ngozi ile njo tungetumia kujenga njia. Walikata yote. Kunabakia kutoa ingine ndani ya mudomo, lakini hiyo inaomba hospitali kubwa, na kumupasua mara mbili, labda tatu. Sisi ndege yetu ni kesho."

Nyuma ya pazia ulisikika mlio wa mkanda unaofungwa. Yassine alikuwa amesikia.

"Mama," daktari aliendelea kwa sauti ya chini, "wakati wa mimba ile, ulikuwa unashika dawa ya wadudu? Ya pamba, ya mashamba?"

"Hapana. Tulikuwa tunakula tu."

"Mulikuwa munakula nini?"

"Pondu na mawese. Ya pipa letu."

Akaeleza jambo ambalo hakuwahi kuulizwa na mtu. Askari walivunja depo ya mradi mmoja wa pamba, wakaimwaga dawa ya wadudu mtaroni, wakayauza mapipa bandarini. Bakari, aliyekuwa akibeba mizigo pale, alilipwa pipa badala ya posho. Mwanvua alilisugua kwa majivu na mchanga wa mto Lualaba. Harufu haikuisha kabisa, na hiyo ndiyo iliyowafurahisha: mende hawakulisogelea, wala siafu. Mtaa mzima ulikuja kuhifadhi mafuta kwake.

Daktari alifumba macho kidogo.

"Mutoto mwanaume, pale tumboni, mapema sana, mwili wake unamutumia amri, namna ya kumujenga. Kuna dawa zinaziba zile amri."

"Na ile ya kupenda kutwanga? Ya kukosa kupigana?"

"Kwa panya wataalamu waliona kitu, dume anabadilisha namna ya kucheza. Kwa mutu, bado tunabishana. Kuna watoto wapole tu, Mama."

"Alikuwa mupole," Mwanvua alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti ilimpanda. "Upole haikukuwa ugonjwa."

"Haikukuwa. Na hata ile ya njia ya mukojo, siwezi kuapa kama njo pipa. Hapa hakuna mashini ya kupima."

"Basi nani alileta ile dawa, Docta? Nani aliiacha pale?"

Daktari alitazama mlangoni, ambako mama mwingine alikwisha kuingiza kichwa, mtoto mgongoni.

"Mimi ni wa kupasua tu, Mama."

Mwanvua alipotoka nje, Yassine alikwisha kuwasha pikipiki. Alimwita. Pikipiki iliingia barabara ya Pangi, vumbi likapanda, likatua.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Ramla alikuwa uani, mimba yake changa ndiyo kwanza inaanza kumfanya akinai chakula, akichota mawese kumpimia mteja. Pipa la zamani lilipasuka miaka mingi iliyopita. Hili Mwanvua alilichagua mwenyewe kati ya mapipa yaliyoshushwa stesheni, akiinamia moja moja na kunusa, mpaka akaipata harufu ile ile. Hata Ramla alifundishwa naye: lisilonuka usinunue, litakuletea mende.

"Mama, wamesema nini?"

Mwanvua alimnyang'anya bakuli. Aliliegemea pipa kwa bega, akasukuma, akasukuma tena kwa nguvu asizojua zimetoka wapi, likaanguka. Mafuta mekundu yalifunika ua, yakateremka mtaroni mbele ya nyumba. Mtaji wote, na chakula cha mwezi.

"Sumu!" alipiga kelele. "Musiguse! Iko sumu!"

Lakini njaa haina masikio. Wanawake wa mtaa walitoka na sufuria, na vikombe, na vifuniko vya ndoo, wakachutama mtaroni wakichota juu juu ili wasichukue mchanga. Wawili kati yao walikuwa wajawazito. Mmoja alimgeukia, viganja vikichuruzika.

"Mungu akulipe, Mama Yassine," alisema. "Na pipa, kama haulitake tena, unipe mimi. Lako halina mende."